Mpangaji wa Nyuma ya Tanuri

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Mjukuu wangu ameondoka leo asubuhi na ameniachia nyoka.

Naandika wazi hivyo ili atakayesoma asidhani nimekosea herufi. Nyoka. Chatu mdogo, mrefu kama mpini wa ufagio, mnene kama mkono wangu hapa kwenye kifundo, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya mkate ulioiva vizuri. Hana sumu. Anakaa kwenye sanduku la kioo chumbani kwangu, karibu na dirisha, juu ya meza niliyokuwa nikikatia madonge ya unga zamani. Mjukuu amekwenda kujifunza kutibu wanyama, miezi mitatu, na bwenini kwao hawapokei nyoka. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alisema hamtaki. Mama yake alisema anamwogopa. Nikabaki mimi.

"Bibi, kazi yako ni mbili tu," ameniambia. "Joto na unyevu."

Upande wa kushoto, ambako chini yake kuna mkeka wa umeme, joto liwe thelathini na moja. Upande wa kulia, wa baridi, ishirini na sita. Unyevu sitini kwa mia. Kuna visaa vya kupimia vimebandikwa ndani ya kioo, na kuna chupa ya kupulizia maji. Kila asubuhi nisome, niandike humu. "Namba tu, Bibi. Usijichoshe."

Namba tu! Mimi shule sikuiona hata kwa mlango. Kusoma nilijifunzia kwenye magunia ya unga, na kuandika alinimalizia yeye mwenyewe alipokuwa darasa la pili, akanifanya mwanafunzi ili na yeye apate mtu wa kumchapa. Leo ananipa daftari zima halafu anaomba namba tu.

Mwanangu hakutoka kumuaga. Alikuwa akifagia tanuri letu la mikate, lililokuwa limeshafagiliwa. Alitaka binti yake ashike tanuri baada yake, kama yeye alivyoshika baada yangu. Binti kachagua wanyama. Alisimama na begi lake uani, akangoja, akachoka. Akanivuta pembeni.

"Bibi, huyu akifa, Baba atasema hata nyoka mmoja kanishinda. Sitarudi hapa kusikia hilo."

"Utarudi, mke mwenzangu. Na utamkuta kanenepa."

Nimeshaahidi. Ndiyo hivyo.

Joto 31. Baridi 26. Unyevu 58.

Jumanne, tarehe 4

31. 26. 57. Hajasogea tangu jana. Nimegonga kioo kuhakikisha yu hai. Kanitolea ulimi.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwita Mpangaji, kwa sababu anakaa kwangu, hasemi na mtu, na anapokea joto bila kushukuru. Mjukuu ana jina lake la kitaalamu alilompa. Mimi ulimi wangu hauliwezi.

Nimegundua jambo. Ule ulimi si wa kutisha mtu. Anautoa, anautikisa, anaurudisha, halafu ndipo anaamua kwenda au kutokwenda. Anaonja hewa, kama mimi ninavyoonja unga kabla ya kutia chumvi. Nimekaa kwenye kigoda nikimwangalia mpaka chai ikapoa.

Jumapili, tarehe 9

Siku ya kumlisha. Anakula panya. Panya wamegandishwa, wamo kwenye friza yetu ndani ya kopo la aiskrimu, na juu mjukuu ameandika CHAKULA.

Mkwe wangu akafungua kopo.

Sitaandika alivyopiga kelele. Amemwaga maji, kavunja kikombe, kaja chumbani kwangu mikono kichwani. "Mama! Mama, ndani ya friza! Na mikia yao!"

"Ulitaka waje bila mikia?"

"Mama, miaka yote tunafukuza panya kwenye unga, leo tunawawekea barafu?"

Hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu ni kweli. Nimetega panya maisha yangu yote, na leo nimekaa namwosha mmoja kwa maji ya moto ili mgeni asile kitu baridi. Mpangaji alimrukia, akamzungushia mwili, akambana, ilhali mwenzake kafa zamani. Kisha akaanza kumeza, kichwa kwanza. Nimehesabu dakika kumi na mbili. Taya lake linafunguka kama mfuko. Najiuliza meno anayo ya nini kama hatafuni.

Mjukuu kapiga simu jioni. Nimempa simu mwanangu. Akasema mikono yake ina unga. Mikono ilikuwa safi. Nina macho.

Jumatano, tarehe 12

31. 24. 49. Baridi imeingia. Upepo mkavu, midomo inapasuka.

Ijumaa, tarehe 14

30. 23. 44. Napulizia maji asubuhi na mchana. Yanakauka kabla sijaketi.

Jumapili, tarehe 16

Unyevu arobaini na moja. Nimelala na hiyo namba, nimeamka nayo.

Halafu nikajicheka. Mwanamke mzima, nimeumua unga miaka arobaini, nashindwaje na joto na unyevu? Unga nao unataka hivyo hivyo: uwe na joto, usikauke juu. Nikachukua kitambaa kikubwa cha kufunikia unga, nikakiloweka, nikakikamua, nikafunika kioo chote juu. Pembeni kuna vitundu vidogo vidogo vinavyovuja unyevu. Nikakanda kipande cha unga, nikakisokota kama kamba, nikaviziba vyote, kama tulivyokuwa tukiziba mlango wa tanuri la zamani ili mvuke usitoke.

Saa sita mchana: 31. 29. Unyevu themanini na tano!

Wasomi wana visaa, sisi tuna mikono.

Jumatatu, tarehe 17

Tisini. Hapa hata mkate wa maziwa ungeumuka.

Alhamisi, tarehe 20

Tisini na moja. Kioo kimejaa ukungu, simwoni Mpangaji ila kwa kufuta. Nimemwambia mwanangu aje aone. Kasema ana kazi. Yule moyo wake ni tofali, na tofali lenyewe la chini kabisa ya tanuri.

Jumatatu, tarehe 24

Kuna sauti.

Nilidhani ni birika. Nimekwenda jikoni, birika halipo motoni. Nikarudi, nikaondoa kitambaa. Ni yeye. Anapumua kwa mluzi, kichwa amekiinua juu kama mtu anayetaka kuchungulia ukutani, na pembeni mwa mdomo kuna povu. Povu dogo, kama la sabuni.

Nimebandua unga wote kwenye vitundu kwa kisu. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani kwa ndani. 

Nimefanya nini?

Jumanne, tarehe 25

Nimemtia kwenye mfuko safi wa unga, wa kitambaa, nikafunga kamba, nikauweka kifuani ndani ya koti asipigwe na baridi. Nimekwenda kwa daktari wa mifugo kwa miguu.

Pale barazani palikuwa na mama mmoja na mbuzi wake. Akauangalia mfuko.

"Umeleta kuku, mama?"

"Hapana."

"Bata?"

"Hapana."

Mfuko ukajisokota. Yule mama akaacha kuuliza. Mbuzi akahamia upande wa pili wa benchi, na mwenyewe akamfuata.

Daktari ni kijana mrefu, mpole. Nilipofungua mfuko alirudi nyuma hatua moja, kisha akajirudi.

"Bibi, nikuambie ukweli. Mimi ni wa ng'ombe na mbwa. Nyoka nimewasoma kitabuni. Huyu ni wa pili kumshika, na wa kwanza alikuwa amekufa."

"Basi huyu umeshapiga hatua," nikamwambia. "Mshike."

Akamsikiliza kwa ule mpira wa masikioni, kuanzia shingoni kwenda chini, polepole. Akaniuliza anakaaje. Nikamweleza yote: kitambaa, kamba ya unga, tisini na moja.

"Nani aliziba vile vitundu?"

"Mimi."

"Kwa unga?"

"Kwa unga."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema unyevu bila hewa ni maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama yanaozesha. Akasema pafu kubwa la nyoka ni moja tu, jembamba, refu. Na hawezi kukohoa. Kikiingia kitu, kimeingia.

Hilo limenikaa. Kiumbe asiyeweza hata kukohoa, nami nimemfungia kama donge.

Atachomwa sindano kila baada ya siku mbili, mara saba. Joto lisishuke hata siku moja. "Akipata baridi sasa, Bibi, ndiyo basi," daktari kasema.

Na jambo jingine: Mpangaji ni mwanamke.

Jumatano, tarehe 26

Mwanangu kasikia kwa mke wake. Kasimama mlangoni, miguu nje, kichwa ndani.

"Mama, ulifunika na kuziba pia?"

"Ndiyo."

"Si wewe uliyenifundisha kwamba unga ukikosa pumzi unachacha? Ulinipiga na mwiko kwa hilo."

Akaondoka. Nimekasirika siku nzima, na nimekasirika zaidi kwa sababu ana haki.

32. 27. 60. Vitundu wazi, bakuli la maji limesogezwa upande wa joto, kitambaa kinafunika nusu tu. Kumbe namba inapatikana bila ubishi.

Jumapili, tarehe 30

Mjukuu kapiga. "Mpangaji wako hajambo, Bibi?"

"Hajambo kabisa."

Mimi niliyemwambia shemeji yangu usoni, siku ya harusi yake, kwamba gauni limembana, nimesema uongo. Nimekata simu nikidai maziwa yanachemka. Hatuna maziwa.

Alhamisi, tarehe 4, mwezi wa saba

Sindano ya nne. Mluzi umepungua. Yule mama wa mbuzi kanisalimia kwa mbali.

Jumamosi, tarehe 13

Sindano ya saba. Povu hakuna. Daktari anasema bado ni mdhaifu, tusubiri ale. Ananiuliza maswali sasa: anapenda kulala wapi, anakunywaje. Nimemwambia anazamisha mdomo wote na koo linacheza kama la mtoto. Ameandika. Mimi nimesema, daktari kaandika!

Jumatatu, tarehe 15

Transfoma ya mtaa imelipuka saa mbili asubuhi. Mlio mmoja, moshi mweupe, kisha kimya. Mafundi wamekuja, wamesimama chini yake, wameshika viuno, wameondoka. Wiki nzima, wamesema, labda zaidi.

Mkeka wa umeme umepoa kama mkeka wa kawaida.

Saa nne 28. Saa sita 25. Nimejaza chupa maji ya moto, nimezifunga kwa soksi za marehemu mume wangu, nimezipanga ndani. Zikipoa nabadilisha. Saa kumi 27.

Nikafikiri: ukuta wa kitandani kwangu ndio mgongo wa tanuri. Mkwe kanisaidia kuisukuma meza hadi pale, uso kageuzia pembeni ili asimwone. "Mama, akitoka mimi nahama." Lakini kasukuma. Nilikuwa namwona mwepesi wa kelele tu. Leo nimemwona ana mgongo.

Jumanne, tarehe 16

Ukuta una joto la jana tu. Bila umeme mashine ya kukandia haizunguki, bila kukanda hakuna mkate, bila mkate tanuri haliwashwi. Mwanangu kawaruhusu wafanyakazi waende makwao.

"Kwa nini msikande kwa mikono?" nimemuuliza.

"Magunia matatu, Mama? Kwa mikono ya nani?"

Saa moja asubuhi 24. Saa tano 25, kwa chupa. Amejikunja kama kamba iliyoloa. Nimemtia kifuani kwangu ndani ya kanga saa nzima. Ukimshika mnyama baridi unajua wewe mwenyewe una moto kiasi gani. Sikulijua hilo kabla.

Jumatano, tarehe 17

Nimeamka nikidhani nitamkuta amekufa. Nimesoma kisaa kabla ya kumwangalia, kwa woga.

Thelathini.

Nimefuta miwani. Thelathini. Nimeweka kiganja ukutani: joto, kama ubavu wa mtu aliyelala. Nikasema afadhali, mwanangu kaona aibu, anakanda kwa mikono.

Alhamisi, tarehe 18

Thelathini na moja. Lakini mkate siusikii. Mkate una harufu, hata mlango ukifungwa. Hakuna harufu, na hakuna wateja dirishani.

Baada ya chai nimekwenda uani, nikaingia kwenye chumba cha tanuri bila hodi.

Moto ulikuwa unawaka vizuri, kuni tatu nene nyuma kabisa, kwenye ukuta wa kwangu. Mbele, pa kupanga mikate, hapana kitu. Hakuna unga mezani, hakuna sufuria, hakuna hamira. Mwanangu ameketi juu ya gunia, kaegemeza mgongo, anauangalia moto kama anayelinda mgonjwa.

"Unaoka nini?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Nakausha tofali, Mama. Sakafu ilikuwa na unyevu."

"Sakafu ya tanuri?"

"Mama..."

"Unyevu kiasi gani? Sitini kwa mia?"

Akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka. Halafu kweli akalia, kidogo, kwa namna ya wanaume, akijifuta kwa mkono wenye masizi mpaka uso ukawa kama sufuria.

"Akifa hatarudi," akasema. "Nilimsikia siku ile alipokuambia. Nilikuwa nyuma ya mlango. Mama, sikujua nitoke niseme nini. Nikitoka nitamwambia abaki. Nisipotoka anaondoka akidhani simtaki."

"Ukachagua kufagia."

"Nikachagua kufagia."

Nimekaa kwenye gunia kando yake. Siku zote hizi nilidhani ni tofali. Sasa tofali, ukilifikiria vizuri, kazi yake si kuwa gumu. Kazi yake ni kushika moto baada ya moto kuzimika. Mimi mwenye tanuri nilipaswa kulijua hilo.

"Haya, simama," nikamwambia. "Moto bila mkate ni dhambi. Leta nusu gunia na hamira."

Tumekanda kwa mikono, mimi na yeye, na mkwe akaja akafunga kilemba akaingia. Magoti yananiuma, viwiko vinaniuma, sijawahi kulala vizuri kama nitakavyolala leo. Mikate arobaini. Imeisha kabla ya magharibi. Watu wa mtaa wanasema ina ladha ya zamani.

Jumatano, tarehe 24

Umeme umerudi. 31. 26. 61. Kioo hakirudi dirishani. Mpangaji kala panya, wa kwanza tangu augue. Nimepiga makofi peke yangu.

Jumapili, tarehe 28

Nimemwambia mjukuu kila kitu. Kamba ya unga, povu, sindano, uongo.  Nikasema, "Utasema au nikate?"

"Bibi," kasema, "ulimbeba kifuani kwa miguu mpaka kwa daktari?"

"Sasa ningembebea wapi?"

Akapiga chafya, au alilia, simu yenyewe mbovu. Akasema hata wao darasani kuna aliyemuua samaki kwa kumbadilishia maji. Nimemwuliza maswali saba kuhusu huyo samaki.

Ya tanuri tupu sikumwambia. Hayo si yangu.

Jumatatu, tarehe 5, mwezi wa nane

Macho ya Mpangaji yamekuwa ya maziwa, ya buluu, kama ya mzee. Ngozi imefifia. Siku ya kwanza roho ilinitoka. Daktari kasema kwa simu ndiyo dalili ya kujivua gamba, haoni vizuri, nisimshike. Unyevu uongezwe mpaka sabini, na hewa ipite. Kwa wakati mmoja, kasema, kama anamwambia mtoto. Nimemwambia nimesikia.

Alhamisi, tarehe 8

Joto 31. Baridi 26. Unyevu 70. Mama ana homa, amelala. Nyoka amekunywa maji. Sikumgusa.

Ijumaa, tarehe 9

Joto 31. Baridi 26. Unyevu 72. Mama bado. Macho ya nyoka yamerudi meusi. Nimemgusa kidogo mgongoni. Si wa baridi kama nilivyodhani.

Jumamosi, tarehe 10

Homa imeshuka. Nani kaandika kwenye daftari langu? Sihitaji kuuliza. Herufi zimelala upande mmoja zote, kama mikate kwenye ubao.

Jumatatu, tarehe 12

Kajivua! Asubuhi hii, mbele ya macho yangu. Alianza kwa kusugua pua kwenye jiwe, gamba likafunguka mdomoni, akatoka ndani yake kama mguu unavyotoka kwenye soksi. Limetoka zima, kutoka pua mpaka ncha ya mkia, hadi vifuniko vya macho. Nimelinyanyua kwenye mwanga: kila kigamba kimechorwa, hakuna kilichorukwa. Nimemwita mwanangu, kaja na unga mikononi, wa kweli safari hii.

"Zima?" akauliza.

"Zima."

"Basi uliumua vizuri, Mama."

Gamba amelichukua yeye. Amelitundika kwenye chumba cha tanuri, juu ya rafu ya miiko.

Jumamosi, tarehe 31

Amerudi. Amekonda, ana kelele nyingi, amenikumbatia mpaka miwani ikapinda. Amemtoa Mpangaji, akampima, akamfungua mdomo kwa kijiti, akasikiliza. "Mzima, Bibi. Kanenepa kweli."

Nikampa daftari. Akaketi kitandani kwangu akasoma tangu mwanzo, akicheka, akinyamaza, akicheka. Pale kwenye kamba ya unga alinitazama kwa jicho. Nikasema endelea.

Kurasa mbili za tarehe 18 ya mwezi wa saba nilikuwa nimezibana kwa kibanio cha nguo. Akataka kuzifungua, nikamshika mkono. "Hizo mwenyewe atakusomea." Akaziruka.

Akafika tarehe 8. Akasogeza daftari karibu. Akasoma mara mbili, kidole chini ya maneno, kama alivyonifundisha mimi.

"Bibi. Huu si mwandiko wako."

"Kweli si wangu."

"Amemgusa?"

"Mimi nilikuwa na homa. Muulize mwenye mwandiko. Yuko kwenye tanuri, anafagia."

Ameondoka na daftari mkononi, bila viatu, kanirudishia baadaye, ndiyo maana naandika sasa. Nilikaa na Mpangaji, sikio langu ukutani. Ufagio ulisikika kidogo, kisha ukanyamaza. Kiganja changu kilibaki pale muda mrefu.

Joto 31. Baridi 26. Unyevu 60. Hakuna aliyekuja kuangalia leo, nimesoma mwenyewe.

Ukuta una joto.